Alichelewa au Alicheleweshwa?

Ngumi hupigwa ulingoni, lakini nani apande ulingo huo huamuliwa mezani. Mmarekani mweusi Archie Moore aliyajua hayo. Alianza ngumi za kulipwa katikati ya miaka ya 1930, akawatwanga wengi, na mwaka 1940 akafika hadi Australia kutafuta mapambano. Mabingwa wa uzito wake walimkwepa. Kupigana naye kulikuwa hatari kubwa kwa faida ndogo.

Mlango ulifunguka tarehe 17 Desemba 1952 mjini St. Louis, tena kwa masharti mazito. Bingwa Joey Maxim alihakikishiwa dola 100,000. Moore aliambulia dola 800. Juu ya hayo, meneja wa Maxim, Jack Kearns, akapewa fungu katika mapato ya Moore ya baadaye. Moore alikubali, akashinda kwa pointi baada ya raundi 15. Mwenyewe alijihesabia miaka 36. Mama yake alisema ni 39. Ubingwa huo aliushika hadi miaka ya 1960.

Basi, tukimwona bondia mkongwe akipata nafasi jioni, tusimuulize kwa nini amechelewa. Tuwaulize waliomchelewesha.