Yangambi: Elimu ya Misitu na Warithi Wake

Miongoni mwa vituo vya elimu ya misitu vilivyojengwa katika nchi zetu za Afrika ya Kati, Yangambi ni kimoja cha vile vilivyopata sifa kubwa. Kipo ukingoni mwa mto Kongo, kiasi cha kilomita 100 chini ya mji wa Kisangani. Twapenda kuieleza historia yake kwa ufupi, kwani ndani yake mna funzo kwa kila mwalimu.

Mwezi Desemba 1933 serikali ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoitwa INEAC, na makao yake ya huku Afrika yakawekwa Yangambi. Kazi yake haikukomea Kongo: vituo vya Rubona huko Rwanda na Gisozi huko Burundi navyo vilikuwa chini yake. Shabaha ilikuwa mazao ya biashara, kama vile michikichi, kahawa na mpira. Hata hivyo, msitu uliokizunguka kituo nao ukachunguzwa.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi miaka ya 1950, miti zaidi ya 2,000 ilikaguliwa juma kwa juma, na hali yake ikaandikwa daftarini: huu umechanua, huu umezaa, huu umepukutisha majani. Matawi yenye maua yalikaushwa na kubandikwa juu ya karatasi, hata ikapatikana hazina ya vielelezo kama 150,000. Katika nyingi za karatasi hizo limeandikwa pia jina la mti kwa Kiturumbu, lugha ya wenyeji. Mzungu ndiye aliyeandika. Aliyeujua mti na kulitaja jina lake ni mwenyeji.

Lakini mwenyeji huyo hakuhesabiwa kuwa mtaalamu, wala hakufunguliwa mlango wa elimu ya juu. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, raia wake wenye shahada za chuo kikuu hawakufika 50. Wageni walipoondoka, na maasi ya 1964 yalipozuka, utafiti ulidhoofika. Rwanda na Burundi zilikwisha kuunda taasisi zao mwaka 1962. Kongo ikaunda INERA mwaka 1970, na mwaka 1976 UNESCO iliitambua Yangambi kuwa hifadhi ya viumbe hai.

Zikaja vita za miaka ya 1990. Walioilinda hazina ile ni wafanyakazi wa Kikongo, ambao mara nyingi walikaa muda mrefu bila mshahara. Kwa uaminifu wao, daftari za kale zinasomwa tena leo, ili ijulikane jinsi miti inavyofuata majira. Mwaka 2020 ulisimamishwa mnara wa mita 55 wa kupimia hewa ya ukaa, na vijana wa Kongo wanasomea humo shahada za juu.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari nayo bila mrithi huliwa na mchwa. Basi sisi walimu tuwapeleke wanafunzi wetu kwa wazee, wakaulize majina ya miti ya kwao na kuyaandika, jina la mzee nalo likiandikwa papo hapo.