Kabla hujamleta sungura nyumbani: Mambo ya kujua kuhusu kumwokoa na kumuasili

Mwaka 2023, wakazi wa Jenada Isles, mtaa wa nyumba 81 katika mji wa Wilton Manors jimboni Florida, Marekani, walijikuta na majirani ambao hawakuwaalika: sungura kati ya 60 na 100 wakizurura barabarani na kwenye bustani za watu.

Hawakuwa sungura pori. Walikuwa wa kufugwa, wa ile aina yenye manyoya marefu shingoni kama simba. Mfugaji mmoja alihama takriban miaka miwili kabla na kuwaachia nje. Basi, wakazaliana.

Kuna waliowapenda na kuna waliochoka nao, maana walichimba mashimo na kutafuna nyaya. Baraza la mji likapiga kura wauawe, kazi iliyokadiriwa kugharimu dola 8,000. Wakazi wengi wakapinga. Michango ikaanza, na kikundi cha kuokoa sungura kikaingia kazini: kuwakamata, kuwatibu, kuwahasi na kuwatafutia nyumba.

Kisa cha Florida kilivuma, lakini tatizo lenyewe si geni. Marekani na Uingereza, sungura ni miongoni mwa wanyama wanaofugwa zaidi majumbani baada ya mbwa na paka, na pia ni miongoni mwa wanaofikishwa kwa wingi kwenye makao ya wanyama waliotelekezwa.

Kwa msomaji aliyezoea kuona sungura bandani wakifugwa kwa ajili ya nyama, huenda hili likashangaza. Sungura wa nyumbani huishi ndani na watu, hutumia choo chake na hupelekwa kwa daktari kama paka. Haya ndiyo ya kujua kabla ya kumchukua mmoja.

Kwa nini wengi huachwa?

Sababu ya kwanza ni haraka. Karibu na Pasaka, mtoto wa sungura huuzwa kama zawadi. Ni mdogo, mpole na anaenea kwenye kiganja. Miezi mitatu hadi sita baadaye amebalehe. Anaanza kukojoa huku na kule, kuchimba zulia, kung'ata na kukataa kubebwa. Mtoto aliyempewa ameshachoka naye.

Sababu ya pili ni hesabu ya miaka. Sungura anayetunzwa vizuri ndani ya nyumba huishi miaka 8 hadi 12. Mtoto wa miaka 9 anayemlilia mama yake anunuliwe sungura leo, anaweza kuwa chuo kikuu huku sungura yule bado anadai majani yake kila asubuhi.

Sababu ya tatu ni uzazi. Mimba ya sungura huchukua takriban siku 31, na jike anaweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa. Tena muuzaji anaweza kukosea jinsia ya watoto wadogo. Mtu ananunua "majike wawili", kumbe mmoja ni dume. Kabla mwaka haujaisha nyumba imejaa.

Je, sungura akiachiwa porini hataishi?

Hii ndiyo dhana inayowaua wengi. Mtu anampeleka bustani ya umma, anaona kuna majani na sungura wengine, anaondoka akiamini amempa uhuru.

Sungura wa kufugwa ametokana na sungura pori wa Ulaya, ambaye asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno. Sungura pori wanaoonekana kwenye bustani za Marekani ni jamii nyingine kabisa, na hawazaliani naye. Wa kufugwa amekaa na binadamu kwa vizazi vingi. Rangi yake nyeupe au ya madoa humfanya aonekane kwa mbali, hajui kukwepa mwewe, mbwa wala magari, na joto kali humchosha haraka.

Pia ni kosa. Katika majimbo mengi ya Marekani kutelekeza mnyama ni kosa la jinai. England na Wales, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2006 inamtaka mwenye mnyama kumtimizia mahitaji yake.

Ukimkuta sungura wa kufugwa nje, ufanyeje?

Usimkimbize. Sungura akifukuzwa anaweza kuumia au kuingia barabarani.

Wanaofanya kazi hii hutumia uzio mwepesi unaokunjwa. Huweka majani mabichi, kama kotimiri au giligilani, kisha husubiri wakiwa wamekaa chini. Akishazoea kula, watu wawili au watatu humzungushia uzio polepole na kuufunga.

Wakati wa kumbeba, mkono mmoja unapita chini ya kifua na mwingine unashika makalio. Usimwinue kwa masikio hata siku moja. Miguu ya nyuma ina nguvu sana kuliko mifupa yake; akirusha mateke ikiwa haijashikwa vizuri, anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

Akishapatikana, mweke kwenye kasha lenye hewa, kivulini, na maji na nyasi kavu. Kisha wasiliana na makao ya wanyama, maana huenda ametoroka na mwenyewe anamtafuta.

Unampata wapi wa kuasili?

Marekani, harakati za kumfuga sungura ndani ya nyumba zilipata nguvu baada ya Marinell Harriman kutoa kitabu chake House Rabbit Handbook mwaka 1985. Mwaka 1988 likaanzishwa California shirika la House Rabbit Society, ambalo matawi yake huokoa sungura na kufundisha wafugaji. Uingereza, RSPCA na vikundi vidogo vya uokoaji hupokea na kuwapatia makazi.

Sheria nazo zinabadilika. Januari 2019, California ilianza kuyazuia maduka ya wanyama kuuza mbwa, paka au sungura ambao hawakutoka kwenye makao au vikundi vya uokoaji. Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuzuia maduka kuuza wanyama hao, nayo ikaanza kutumika Desemba 2024.

Si kila mahali mtu anaruhusiwa. Jimbo la Queensland, Australia, linapiga marufuku kufuga sungura nyumbani, kwa sababu sungura walioletwa kutoka Ulaya waligeuka janga kwa mashamba na mimea ya nchi hiyo.

Utaulizwa nini?

Usishangae ukihojiwa. Vikundi vingi huuliza nani anaishi nyumbani, kama kuna mbwa au paka, kama mwenye nyumba amekubali mnyama, sungura atalala wapi na nani atamtunza ukisafiri. Baadhi huomba kuona nyumba, ana kwa ana au kwa video.

Kuna ada. Hapo ndipo wengi huguna, lakini ukipiga hesabu ni nafuu: sungura wa kuasiliwa kwa kawaida huwa ameshahasiwa na kukaguliwa na daktari, gharama ambazo anayenunua dukani hulipa mwenyewe baadaye.

Pia hujadiliwa suala la mwenza. Sungura ni mnyama wa kundi, na wengi hupendekeza waasiliwe wawili waliokwisha zoeana. Kama tayari unaye mmoja, usimtupie mgeni kwenye eneo lake. Watapigana hadi kujeruhiana. Wote wawili wahasiwe kwanza, kisha wakutanishwe kidogo kidogo mahali ambapo hakuna aliyepamiliki.

Nyumba iandaliwe vipi?

Vizimba vidogo vya dukani havitoshi. Sungura anahitaji nafasi ya kukimbia, kusimama wima na kujinyoosha. Wengi hutumia uzio wa chuma unaozunguka kona ya sebule, kisha humwachia atembee nyumba nzima kwa saa kadhaa kila siku.

Nyaya za umeme ndizo hatari kubwa. Zifunikwe kwa bomba la plastiki au zipandishwe juu. Waya wa chaja ya simu hukatwa kwa sekunde moja tu.

Choo si kazi ngumu. Sungura hupenda kujisaidia mahali pamoja, hasa akiwa anatafuna. Weka beseni pana lenye karatasi zilizochanwa au vipande vya karatasi vilivyoshindiliwa, na nyasi kavu upande mmoja. Akishahasiwa, wengi hujifunza ndani ya muda mfupi.

Sakafu laini isiyo na zulia humfanya ateleze. Mkeka au zulia dogo linatosha.

Anakula nini?

Sahau karoti za kwenye katuni. Karoti ina sukari nyingi na ni ya kuonjeshwa tu.

Takriban asilimia 80 au zaidi ya chakula chake ni nyasi kavu, ambazo ziwepo saa zote. Juu yake huongezwa majani mabichi ya aina tofauti, kipimo kidogo cha peleti na maji safi.

Sababu iko mdomoni na tumboni. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na nyasi ndizo huyasaga. Bila nyasi meno hurefuka, hupinda na kuchoma ulimi au shavu. Tumbo lake nalo linahitaji nyuzinyuzi ili lisisimame.

Ukimwona akila kinyesi laini kinachotoka moja kwa moja, usiogope wala usimzuie. Kina virutubisho ambavyo anahitaji kuvipitisha tumboni mara ya pili.

Daktari gani anafaa?

Si kila daktari wa wanyama anamjua sungura. Kabla ya kumchukua, tafuta mwenye uzoefu na muulize swali moja: "Kabla ya upasuaji, sungura anyimwe chakula usiku kucha?" Jibu sahihi ni hapana. Sungura hawezi kutapika, na kufunga kwa muda mrefu ni hatari kwa tumbo lake. Daktari akisema ndiyo, tafuta mwingine.

Kuhasi si suala la kuzuia watoto tu. Majike wasiohasiwa wako katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi kadiri wanavyozeeka. Madume hutulia na kupunguza kunyunyiza mkojo. Ila dume aliyehasiwa leo anaweza bado kutia mimba kwa wiki kadhaa, kwa hiyo atengwe na jike ambaye hajahasiwa.

Dawa nazo zina mitego. Fipronili, inayotumika kuua viroboto kwa mbwa na paka, ni sumu kwa sungura. Antibiotiki za kundi la penisilini zikitolewa kwa mdomo zinaweza kuvuruga bakteria wazuri wa tumboni na kumuua.

Kuhusu chanjo, Uingereza sungura huchanjwa dhidi ya miksomatosisi na homa ya kutokwa damu ya sungura. Aina mpya ya homa hiyo, RHDV2, ilibainika Ufaransa mwaka 2010, na mwaka 2020 ilisambaa kwa sungura pori kusini magharibi mwa Marekani. Haiambukizi binadamu, lakini inaweza kumuua sungura kabla mwenye nyumba hajaona dalili yoyote.

Dalili zipi si za kusubiri kesho?

Sungura huficha maumivu, kwa kuwa porini anayeonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza. Mpigie daktari mara moja ukiona:

• Hajala wala kupata choo kwa takriban saa 12
• Amejikunja kona moja na anasaga meno kwa nguvu
• Kichwa kimeinama upande mmoja
• Anahema kwa mdomo wazi au masikio yana joto kali
• Nyuma kumelowa mkojo au kinyesi na nzi wanamzunguka

Hilo la mwisho hupuuzwa sana. Nzi hutaga mayai kwenye manyoya machafu, na funza wakianguliwa huanza kumla akiwa hai.

Kuna la kuogopesha ambalo si ugonjwa. Sungura anaweza kujibwaga ghafla ubavu, miguu imenyooka, macho nusu wazi. Wafugaji wapya hukimbilia simu wakidhani amekufa. Kama anapumua taratibu, huyo amestarehe tu. Akiruka juu na kujipinda hewani, amefurahi. Akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma, amestuka au amekasirika.

Nani asimchukue?

Anayetaka mnyama wa kukumbatiwa muda wote. Sungura wengi hawapendi kuinuliwa. Hupenda mtu akae sakafuni, nao waje kwa hiari yao. Kumlaza chali hadi atulie tuli si mapenzi, hiyo ni hofu.

Mwenye mzio wa nyasi naye afikirie upya, kwa sababu nyasi kavu zitakuwa sebuleni kila siku. Na mzazi asimkabidhi mtoto jukumu lote. Mtoto anaweza kusaidia kujaza bakuli, lakini mtu mzima ndiye anayetambua asubuhi kwamba nyasi za jana hazijaguswa.

Kwa asiye na uhakika, vikundi vingi hutoa nafasi ya kumlea sungura kwa muda. Kwa kawaida kikundi hulipia matibabu, wewe unatoa nafasi, nyasi na muda wako wakati akitafutiwa nyumba ya kudumu. Baada ya wiki chache utajua kama unaweza maisha hayo kwa miaka 10. Ukiona huwezi, anarudi kwenye mikono salama, na nafasi uliyompa imemwezesha mwingine kupokelewa.