Altezza na msimu mbaya wa korosho

Wadau, huku Mtwara bei ya gari inafuata korosho. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei ya minada, Novemba serikali ikasema itanunua yenyewe kwa sh. 3,300 kwa kilo, JWTZ wakabeba mzigo. Wakulima wengi walisubiri malipo hadi 2019. Hela isipozunguka mjini, wauzaji wa magari wengi, mteja hakuna.

Corolla au Noah bado itapata mtu, si inapiga teksi na kubeba abiria. Altezza je? Toyota waliitoa 1998 hadi 2005, injini 2,000cc, iko chini, inakunywa mafuta kweli kweli. Shamba haifiki, gunia haibebi. Ni starehe tu, na ukata ukija starehe ndo inakatwa kwanza. Dalali anajua, atakuzungusha mpaka shida ikubane.

Kaka yangu alikuwa anasubiri hela ya korosho za mzee. Ada ya mdogo wetu ikafika kwanza, Altezza ikaenda kwa bei ya kutupa. Mpaka leo ukiitaja anabadilisha stori.

Kama unaweza kuvumilia, tangaza minada ikianza, Oktoba hivi. Na kadi iwe na jina lako, la sivyo watakukata tena.