Hatua Elfu Kumi na Fimbo ya Babu

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili, mnisamehe, kazi za gazeti zilinibana. Leo nina kisa, na kisa chenyewe kinaanza na aibu yangu mwenyewe.

Juzi usiku, saa sita kasoro dakika ishirini, nilikuwa nazunguka meza ya sebuleni kama ngamia wa kinu cha mafuta. Simu mkononi, soksi miguuni ili mpangaji wa chumba cha pili asiamke. Simu ilikuwa inasoma hatua 9,412. Zilibaki 588, na ikigonga saa sita tu hesabu inarudi sifuri. Sisi tuliosoma pamoja chuo tuna kundi letu la WhatsApp ambako kila usiku mtu anatuma picha ya hatua zake za siku. Anayeshindwa kufikisha elfu kumi mara tatu kwa wiki ananunua chipsi mayai Jumamosi kwa wote. Basi nikazunguka. Nilipofika mzunguko wa thelathini hivi nikajiuliza: hivi hii elfu kumi, nani aliisema?

Mimi ni mwandishi wa habari. Kazi inayonipa ugali ni kuuliza "nani kasema?" Mwaka mzima nimeitii hii namba bila kuuliza. Nilidhani ni madaktari. Kumbe sivyo.

Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani iitwayo Yamasa ilitoa sokoni kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, kinachohesabu hatua. Kikaitwa Manpo-kei, yaani "kipimo cha hatua elfu kumi". Wajapani wana neno moja la elfu kumi, "man", kama sisi tulivyo na neno moja la elfu na neno moja la laki. Kwao ni namba ya mviringo, inayokaa vizuri mdomoni na inayouzika. Jina la bidhaa likazunguka dunia, likageuka kuwa amri ya afya. Mwaka 2019 Dk. I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia wanawake 16,741 wa Marekani, wenye umri wa wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, faida ikaendelea kupanda, halafu kwenye 7,500 hivi ikatulia. Sawa, hao ni bibi zetu, si mimi. Lakini mnaona wenyewe kwamba elfu kumi si namba iliyotoka maabara.

Sasa, nilipokuwa nachimba habari hizi nikakutana na elfu kumi nyingine, ya miaka mia moja kabla ya Manpo-kei. Hii ndiyo iliyoninyima usingizi.

Katikati ya karne ya 19 Waingereza waliokuwa wakiitawala India walitaka ramani ya Tibet, na Tibet ilikuwa imewafungia mlango Wazungu. Afisa mmoja wa upimaji, Kapteni Montgomerie, akaona dawa ni kutuma watu wa milimani ambao sura na lugha yao isingewashtua walinzi. Mmoja wao alikuwa Nain Singh, mwalimu wa shule kutoka kijiji cha Milam, kwenye Himalaya. Walimfundisha huko Dehra Dun mpaka hatua yake ikawa ya urefu uleule, mlima au bonde, akiwa amechoka au mzima. Hatua elfu mbili zikawa ni takriban maili moja.

Ataandikaje bila kuonekana? Walimpa tasbihi. Tasbihi ya Wabudha ina punje 108. Ya kwake ilikuwa na punje 100, na nani atakaa azihesabu punje za mtu anayesali? Kila hatua mia moja alisogeza punje moja. Akimaliza mzunguko mzima wa tasbihi, ametembea hatua elfu kumi. Gurudumu la sala alilolizungusha mkononi halikuwa na karatasi za dua ndani, lilikuwa na karatasi za vipimo vyake. Zebaki aliyoihitaji kwa kupimia nyota aliificha ndani ya kauri, zilezile kauri ambazo huku kwetu zilikuwa fedha. Alikuwa na kipimajoto pia. Ukijua maji yanachemkia nyuzi ngapi mahali ulipo, unaweza kukadiria upo juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari.

Aliingia Lhasa Januari 1866. Aliporudi India, safari yake ilikuwa ya maili kama 1,200, hatua zipatazo milioni mbili na nusu, zote zimepita kwenye vidole. Mimi nashindwa kukumbuka nimeweka wapi funguo.

Taarifa ya safari ilichapishwa London mwaka 1868 katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, naye akaitwa "Pundit" tu, kwa maana ya mtu msomi. Sababu ilikuwa ya maana, asije akakamatwa akirudi tena, na kweli alirudi. Mwaka 1877 jumuiya hiyo ilimpa nishani ya dhahabu. Na mwaka 1904 jeshi la Waingereza liliingia Lhasa kwa bunduki. Sisemi aliwaleta yeye. Ninachosema ni kwamba hatua zilikuwa zake, ramani ilikuwa ya wengine.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama simu yangu kwa jicho jingine. Lakini kabla sijaihukumu, lazima niseme kwamba kujihesabu si ugonjwa wa kizazi chetu, na wala si lazima mtu akutume. Mimi mwenyewe nina daftari la filamu. Nililianza 2016 nikiwa kidato cha tano: namba ya filamu, tarehe, nimeiona wapi, na alama kumi kwa kumi. Mwanzoni ni kibanda umiza cha mtaani kwetu, baadaye flashi za kuazimana bwenini, mara chache ukumbi wa sinema siku mshahara ukitoka. Nimefika namba 213. Rafiki zangu wananicheka. Wao wanatumia Letterboxd, tovuti iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011 kwa kazi hiyohiyo.

Babu wa watu wa aina yangu ni Samuel Pepys, mtumishi wa serikali katika ofisi ya jeshi la majini la Uingereza. Alianza shajara yake Januari 1, 1660, akaifunga Mei 31, 1669 kwa hofu kwamba anapofuka. Humo kuna kila kitu: alichokula, alichotumia, mke alivyomnunia, wanawake aliowashika akijua ni kosa, na tamthilia alizoziona. Pepys alikuwa mlevi wa tamthilia kama mimi na filamu, naye alijiona zinamharibia kazi na mfuko. Basi akajiwekea viapo vya maandishi: asinywe mvinyo, asiende kwenye maonyesho mpaka tarehe fulani, na akivunja anatoa faini kwenye sanduku la maskini.

Sasa sikiliza. Septemba 29, 1662 viapo vyake viliisha muda. Siku hiyohiyo, bila kuchelewa, akaenda kuona A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare. Akaandika kwamba hajawahi kuiona na hataiona tena, maana ni upuuzi mtupu kuliko yote aliyowahi kuona. Kwenye daftari langu hiyo ni sifuri kwa kumi. Halafu Agosti 1664, akiwa chini ya kiapo kingine, akamkopesha rafiki yake Creed fedha ili Creed ndiye amlipie kiingilio yeye na mkewe. Kiapo kilimkataza kulipa, hakikumkataza kulipiwa! Usiku akakiri kwenye shajara kwamba huo ni ujanja, akaapa kutorudia.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala. Mimi nazunguka meza kwa soksi, mwenzangu mmoja kundini anamfungia simu mdogo wake anayekwenda kucheza mpira. Creed wapo wengi.

Ila kuna tofauti moja. Pepys alimdanganya Pepys. Aliandika kwa hati mkato ambayo watu wa nyumbani kwake wasingeisoma, na shajara ikakaa kimya mpaka ilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake. Aliyehesabu, aliyehesabiwa na aliyesoma hesabu alikuwa mtu mmoja, ndiyo maana aliweza kukiri. Nain Singh hesabu yake ilisomwa Dehra Dun na London. Na babu yangu mimi, hesabu yake ilisomwa na karani.

Babu alitoka Kasulu akiwa kijana, miaka ya 1950, akaenda Tanga kukata mkonge. Watu kama yeye waliitwa manamba. Wengi tunalitumia neno hili kama tusi bila kufikiri lilikotoka: ni namba. Ulifika kambini ukapewa namba, na namba ikawa ndiyo wewe. Pamoja na namba ulipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini za kazi. Ukimaliza mafungu ya mkonge uliyopangiwa, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, hata kama ulikata tangu alfajiri, siku imeliwa. Mshahara ulitoka zikijaa alama thelathini, na kwa sababu siku za kuumwa na za mapumziko hazikuhesabika, mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Kenya nao walikuwa na kipande chao, kile cha alama za vidole ambacho wanaume Waafrika walikibeba shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kilichoanza kutumika mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Babu hakujua kusoma. Lakini alikuwa na fimbo ya mpera, na kila jioni aliporudi kambini alichonga mkato mmoja. Nilimuuliza kwa nini, wakati kadi ipo.

"Karani alikuwa na kalamu," akaniambia. "Mimi nikawa na kisu."

Mwezi mmoja kadi ilisoma siku 22 na fimbo ilisoma 24. Akaibeba fimbo mpaka ofisini. Mnyapara akacheka, karani akakasirika, wakabishana kutwa mbili na siku hizo nazo zikaliwa. Mwishowe akarudishiwa siku moja. Babu alikuwa akifika hapo anainua kidole kimoja na kukitazama kana kwamba ameshinda kesi Mahakama Kuu. Fimbo yenyewe haipo. Bibi aliitia jikoni mwaka mmoja wa mvua kuni zilipolowa, wakanuniana wiki nzima.

Nimesema naitazama simu kwa jicho jingine, sasa nieleze. Mwaka 2007 kule California waandishi wawili wa habari za teknolojia, Gary Wolf na Kevin Kelly, walianzisha mikutano ya watu wanaojipima kila kitu, usingizi, uzito, mapigo ya moyo. Mwaka huohuo ikazaliwa kampuni ya Fitbit. Kikaja kizazi cha simu zenye kifaa kinachohisi kila mtikisiko wa mwili, na watu tusiojiunga na chama chochote tukawa wanachama. Hatua hatuzihesabu sisi. Zinahesabiwa, kisha tunaonyeshwa.

Novemba 2017 kampuni ya Marekani iitwayo Strava, ambayo watu huitumia kurekodi mbio zao, ilichapisha ramani ya dunia iliyochorwa kwa nyayo za watumiaji wake. Ilipendeza: giza, na mistari inang'aa pale watu wanapokimbia. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akagundua kwamba jangwani Syria na milimani Afghanistan, mahali pasipo na mji, kuna vimduara vinavyong'aa. Walikuwa askari wa kigeni wakifanya mazoezi ya asubuhi kuzunguka kambi zao. Wamechora kambi zao kwa miguu yao, dunia nzima ikaziona. Nain Singh angeshangaa. Yeye alijua anachora.

Mimi si askari, na ramani ya hatua zangu ni fupi: kitanda, kituo cha daladala, ofisi, mahakamani siku za kesi, kwa mama ntilie. Lakini mwaka 2022 niliibiwa simu Kariakoo, na hatua zangu zote za miaka miwili zikapotea, kwangu mimi. Huko zilikokuwa zinapelekwa sina shaka zipo. Nilijaribu kuzidai. Niliandika barua pepe tatu, nikajibiwa na mashine kwamba akaunti haitambuliki. Hapo nikamkumbuka babu na ofisi ile. Mimi sikuwa na hata mkato mmoja wa kubeba.

Daftari la filamu lilikuwa nyumbani siku ile. Namba 1, Aprili 2016, kibanda umiza, filamu ya ngumi ya Kichina iliyotafsiriwa na jamaa mwenye sauti ya mikwaruzo. Nimeipa tisa. Leo ningeipa nne, lakini sijaifuta.

Usiku ule wa meza nilisimama kwenye hatua 9,700 na kitu nikaenda kulala. Haikuwa mara ya kwanza wiki hiyo, wala haikuwa ya mwisho. Jumamosi nimenunua chipsi mayai za watu sita, na wawili kati yao wakadai mishikaki juu. Nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, simu nimeiacha kwenye chaji. Nilihesabu kwa mdomo mpaka nikapotea kwenye mia nane hivi, jirani aliponisalimia. Nimeandika "mia nane na ushee" kwa kalamu, ukurasa wa mwisho wa daftari la filamu.