Joka, Jini na Mapenzi: Hadithi za Ajabu na Wasomaji Wake Newala na Masasi

Hadithi ya ajabu, yaani ile ambamo majini, mazimwi na wanyama wasemao huishi pamoja na wanadamu, haikuletwa na kitabu katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, kwa kuwa masimulizi ya jioni ya Wamakonde, Wayao na Wamakua yalikuwa na viumbe hao tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kuona ajabu hiyo ikiambatana na mapenzi katika kurasa ambazo yeyote aliyejua kusoma, awe na umri wowote, angeweza kuzifungua akiwa peke yake. Wasomaji wa Masasi, Newala na miji midogo kama Kitangari, ulio kaskazini mwa Newala mjini, wanapozifurahia hadithi za namna hii na papo hapo kuzitilia shaka, chanzo cha shaka yao chafaa kutafutwa katika jambo hili la pili kuliko katika lile la kwanza.

Mmoja wa watu waliounganisha eneo hili na hadithi zilizochapishwa alikuwa Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoanzishwa kwa msukumo wa vyuo vikuu vya Uingereza, ambaye mwaka 1870 alitoa mkusanyo wa hadithi alizoandika kutoka vinywani mwa wasimulizi wa Unguja. Mwaka 1876, akiwa tayari askofu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa kutoka utumwani hadi Masasi, na miaka miwili baadaye misheni hiyo ikafika Newala. Katika mkusanyo wake mna kisa cha Sultani Majnuni, ambamo paka aliyeachwa bila kuadhibiwa hukua hadi kuwa nunda mla watu, na kisa cha mwana wa sultani anayeponyoka mikononi mwa jini na hatimaye kuoa binti wa mfalme. Ndoa katika hadithi hizo ni tuzo ya ushujaa inayotajwa kwa sentensi chache, na msimulizi haingii chumbani kwa maharusi; hivyo mtoto na mzee waliweza kuisikiliza hadithi moja pasipo mmoja kumwonea mwenziwe haya.

Mpaka huo ulikuwa na maana kubwa katika jamii za kusini, ambako mambo ya unyumba yalikuwa na mahali pake, wakati wake na walimu wake. Jando, yaani mafunzo na tohara ya wavulana, na unyago, yaani mafunzo ya wasichana chini ya makungwi, vilihakikisha kwamba elimu ya mapenzi inatolewa kwa aliyefikia umri wake, tena kwa nyimbo na mafumbo. Nguvu ya taasisi hizo ilidhihirika pale Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alipochagua kuzipa sura ya Kikristo badala ya kuzipiga marufuku. Kwa mtu aliyelelewa katika utaratibu huo, kitabu cha mapenzi ni kungwi asiyemuuliza mwanafunzi umri wake.

Mwandishi Shaaban Robert alikaa ndani ya mpaka huo alipotunga Adili na Nduguze, kitabu kilichotoka mwaka 1952 na kilichokuja kusomwa sana shuleni. Humo jini Huria anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani kwa kumdhulumu ndugu yao, na Adili anampata mchumba, Mwelekevu, katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Msomaji huvutwa na mawe na manyani hayo, lakini huweza kulalamika kwamba majina ya wahusika yamekwisha kutoa hukumu kabla ya matendo yao, na kwamba mapenzi ya Adili ni ya heshima kiasi cha kukosa joto. Kupenda na kulaumu kitabu kimoja, basi, hakukuanza na vitabu vya leo.

Hali ilibadilika wasomaji walipoongezeka. Kampeni ya elimu ya watu wazima, ambayo mwaka 1971 iliihesabu Masasi miongoni mwa wilaya chache za mwanzo, ilikuwa sehemu ya juhudi zilizopunguza idadi ya watu wazima wa Tanzania wasiojua kusoma na kuandika kutoka takribani 67 katika kila 100 mwaka 1967 hadi karibu 10 mwaka 1986. Wasomaji hao wapya walikutana na riwaya pendwa, yaani riwaya za kuburudisha zilizoandikwa kwa ajili ya wengi, kama Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ya mwaka 1965 na visa vya mpelelezi Willy Gamba alivyotunga Elvis Musiba. Wahakiki walizilaumu kwa kuiga filamu na vitabu vya Magharibi na kwa kutojali ujenzi wa jamii, huku nakala zake zikipita mkono kwa mkono. Baadaye magazeti ya kila wiki yalichapisha hadithi za mfululizo, zikiwemo za Eric Shigongo, ambazo zilimpeleka msomaji hadi kwenye faragha ambayo wasimulizi wa Steere waliipita kimya.

Mfululizo wa Rebecca Yarros wa Marekani kuhusu wapanda majoka, ulioanza na Fourth Wing mwaka 2023 na kufikia kitabu cha tatu, Onyx Storm, Januari 2025, unaendeleza mvutano huohuo kwa kuweka vita, majoka na mapenzi ya waziwazi katika kisa kimoja. Msomaji wa Newala au mwalimu anayesomea kazi yake katika Chuo cha Ualimu Kitangari hana sababu ya kushangazwa na joka linalozungumza na mpandaji wake. Akisita, husita penye kurasa ambazo asingependa kuzisoma kwa sauti mbele ya mama mkwe, na kusita huko hakumzuii kutaka kujua vita vitaishaje. Shaka ya namna hiyo si dalili ya ushamba wala ya kutojua fasihi. Ni uhakiki uliojengwa na jamii iliyozoea kuuliza, kabla ya hadithi kuanza, ni nani waliokaa kuisikiliza.