Sinza: Barabara Zilizotangulia Nyumba

Ukitembea kwa miguu jijini Dar es Salaam kutoka Manzese kuingia Sinza, huhitaji kibao kukuonyesha mpaka. Manzese vichochoro hupinda kuzifuata nyumba. Sinza nyumba ndizo zilizojipanga kuifuata barabara. Tofauti hiyo ina umri wa nusu karne.

Miaka ya 1960 Serikali ilipambana na makazi duni kwa kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, liliangusha nyumba za udongo katika maeneo kama Magomeni na kusimamisha za saruji. Lakini kila nyumba mpya ilikalia mahali pa ile iliyovunjwa, na wageni walizidi kumiminika Dar es Salaam. Mwaka 1972 sera ikageuzwa: wananchi waachwe walipo, waletewe barabara na maji, na pengine papya, vipimwe viwanja kabla mtu hajachimba msingi. Mwaka huohuo ikazaliwa Benki ya Nyumba Tanzania.

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mradi wa kutekeleza sera hiyo ulianza katikati ya miaka ya 1970. Manzese iliboreshwa ikiwa na watu wake. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kuanzia mwanzo: barabara, mitaro, mabomba ya maji, viwanja vya shule na maeneo ya wazi. Nyumba hazikujengwa na mradi. Kila mwenye kiwanja alijenga kwa uwezo wake, chumba baada ya chumba. Viwanja vilikusudiwa watu wa kipato kidogo, ila vingi viliishia kwa wenye mishahara mizuri, na hilo lilikuwa kosa kubwa lililowaumiza waliolengwa.

Hata hivyo upimaji ule ulilipa. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulilinganisha maeneo ya mradi huu katika miji saba ya Tanzania. Palipopimwa kwanza, nyumba zilikuwa kubwa zaidi na zimekaa kwa mpangilio bora kuliko palipoboreshwa baadaye.

Ndiyo maana inaniuma kuona kinachoendelea Sinza sasa. Ukuta wa mbele unavunjwa, zinapangwa fremu za maduka. Uani inapanda gesti, au ghorofa juu ya shimo la majitaka lililochimbwa kwa ajili ya familia moja. Mvua kubwa zikinyesha, jirani ndiye anayejua shimo hilo limejaa. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi ya kiwanja, lakini simlaumu mjane anayepangisha fremu ili apate ada ya shule. Ninaowalaumu ni wanaoidhinisha ghorofa bila kuuliza majitaka yataelekea wapi. Na eneo la wazi likishajengwa ni vigumu kulirudisha: dalali ameshachukua chake, mjenzi ana karatasi, na watoto wamehamia kucheza barabarani.

Baada ya miaka mingi ya upimaji wa kusuasua, mwaka 2002 ulianza mradi wa viwanja 20,000 jijini. Bunju, Mbweni, Kibada na Tuangoma zilipimwa kama Sinza ilivyopimwa, shule na maeneo ya wazi yakiwa kwenye ramani. Huko nako nyumba zimeshaota, na mbele ya baadhi yake fremu zimefunguliwa.