Majabali, Blanketi na Kichuguu: Historia ya Joto na Malazi ya Nyoka Kandokando ya Ziwa Viktoria

Vitabu vya shule humweka nyoka katika kundi la wanyama wa damu baridi, ingawa damu ya chatu aliyeota jua tangu asubuhi yaweza kuwa na joto sawa na la binadamu. Kinachomtofautisha na kuku au mbuzi ni kwamba joto hilo hulichota kwenye jua, jiwe, udongo na hewa inayomzunguka, na akikosa pa kulichota hushindwa kuyeyusha mlo, huishiwa nguvu za kupambana na maradhi, na nyama aliyoimeza huweza kumwozea tumboni. Kwa sababu hiyo, kila aliyewahi kumtia nyoka ndani ya sanduku, awe mganga, mcheza ngoma au mtunza bustani ya wanyama, amelazimika kujua nyoka huyo atapata wapi joto na atalala juu ya nini. Majibu yaliyochapishwa kwa wingi yametoka nchi za baridi, ambako kazi ni kuleta joto mahali pasipokuwa nalo. Ukanda wa Ziwa Viktoria, na hasa Mwanza, una mkasa wa namna nyingine.

Jiji la Mwanza liko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo ya ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka joto la mchana hukaribia nyuzijoto 28 za Selsiasi, lakini usiku wa Juni na Julai, mbingu zikiwa wazi, huweza kushuka hadi karibu na 16. Pengo hilo la mchana na usiku, ambalo lingemdhoofisha nyoka aliye kwenye sanduku tupu, nyoka wa porini hulivuka kwa msaada wa majabali ya itale, yaani jiwe gumu la chembechembe lililoganda kutokana na mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ambayo ndiyo yaliyoupa mji huo jina la utani la Jiji la Miamba. Itale hunyonya joto polepole na kulitoa polepole, hivyo ufa ulio kati ya majabali mawili hubaki na uvuguvugu saa kadhaa baada ya jua kuzama, na nyoka aliyejibana humo hukutana na jiwe lenye joto juu na chini ya mwili wake.

Watu wa Usukuma waliishi na nyoka hao muda mrefu kabla ya neno kizimba kupata maana yake ya leo. Buyeye, chama cha siri cha watega na watuliza nyoka, ambacho wafuasi wake waliitwa Bayeye, kilikuwa na dawa za kinga na za kutibu walioumwa, na mwaka 1946 kiliandikiwa makala na Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila na sheria za kijadi katika serikali ya Tanganyika. Karibu nao walikuwako Bagoyangi, wacheza ngoma ya nyoka, ambao sifa yao imedumu hadi leo katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili makuu ya ngoma za Kisukuma. Padri David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha katika miaka ya 1950 kituo cha Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, ambako baadaye yalistawi Makumbusho ya Wasukuma na sherehe ya Bulabo, inayofanyika kila mwaka majira ya sikukuu ya Ekaristi. Sikukuu hiyo huangukia karibu na Juni, wakati asubuhi zikiwa na ubaridi, jambo ambalo kwa nyoka si dogo: chatu aliyetolewa sandukuni alfajiri huwa mzito na mvivu, na mcheza ngoma anayemtaka achangamke uwanjani hana budi kusubiri jua limfikie.

Ulaya, kwa upande wake, ilifika kwenye elimu hiyo kwa njia ndefu na yenye vichekesho vyake. Mwaka 1832 msafiri Mfaransa Lamarre-Picquot aliwaarifu wanazuoni wa Paris kwamba chatu jike wa India hujizungusha juu ya mayai yake na kuyapa joto, wakamkatalia kwa kuwa nyoka, kwa hesabu zao, hakuwa na joto la kumpa mtu. Ilipofika 1841, mwanazuolojia Achille Valenciennes aliweka kipimajoto kati ya mapindo ya chatu aliyelalia mayai katika bustani ya Jardin des Plantes akakuta nyuzijoto zaidi ya 40, wakati hewa iliyomzunguka ilikuwa na nusu yake hivi. Bustani ya wanyama ya London ilifungua mwaka 1849 nyumba ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya wanyama watambaao, na kwa kuwa watunzaji wake waliamini kwamba kinachompa binadamu joto kitampa na nyoka, waliwatandikia nyoka mablanketi ya sufu, hata katikati ya karne hiyo nyoka mmoja mkubwa akalimeza blanketi lake lote na kulitapika wiki kadhaa baadaye. Kosa lao lilikuwa la kimsingi, kwa maana blanketi huhifadhi joto linalotoka mwilini, nalo halina la kuhifadhi pale ambapo mwili wenyewe hautoi joto.

Katika nyumba hiyo hiyo, mwaka 1862, alilalia mayai chatu wa Afrika, yaani Python sebae, ndugu wa moja kwa moja wa chatu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, na Philip Sclater, katibu wa chama kilichomiliki bustani, akapima joto lake na kuliona kuwa juu ya lile la dume aliyekuwa pamoja naye. Uchunguzi uliofuata uliufumbua mgogoro huo kwa namna ambayo wanazuoni wa 1832 wasingeikisia. Mwaka 1966 ilithibitishwa kwa vipimo vilivyofanywa Marekani kwamba jike wa chatu wa Asia hutikisa misuli yake, kama mtu anayetetemeka kwa baridi, na kwa mtikisiko huo huzalisha joto. Lakini utafiti wa Graham Alexander wa Afrika Kusini, uliotolewa mwaka 2018, ulionyesha kwamba chatu wa kusini mwa Afrika hafanyi hivyo, bali ngozi yake hugeuka nyeusi wakati wa kulea, hutoka kwenye shimo la muhanga kuota jua hadi mwili wake ufike nyuzijoto 40, kisha hurudi shimoni na joto hilo kuyakumbatia mayai, na hata baada ya watoto kuanguliwa huendelea kuwapa joto usiku kwa takriban majuma mawili.

Mchango wa Afrika katika elimu hii haukuishia kwa chatu. Raymond Cowles, mwanabiolojia aliyezaliwa Natal katika familia ya wamisionari, alichapisha mwaka 1930 habari za kenge wa majini, yule yule anayeonekana akiota jua kwenye miamba ya Ziwa Viktoria, ambaye hupasua kichuguu kilicholainishwa na mvua, hutaga mayai ndani na kuwaachia mchwa kazi ya kuziba, ili mayai hayo yakae katika joto lisiloyumba la karibu nyuzijoto 30 na unyevu usiokauka. Cowles alihamia California, na mwaka 1944 yeye na Charles Bogert walitoa utafiti juu ya watambaao wa jangwani ambao ndio msingi wa vizimba vya leo, kwa kuwa walithibitisha kwamba mnyama wa aina hii hajiachii tu kwa joto linalomkuta, bali hulitawala kwa kuhama baina ya jua na kivuli. Joan Procter wa bustani ya wanyama ya London alikuwa amekwisha kulijengea jambo hilo nyumba: jengo jipya la watambaao alilolibuni huko, lililofunguliwa mwaka 1927, lilikuwa na joto la umeme lililotofautiana sehemu kwa sehemu badala ya ukumbi mzima kuwa na joto moja.

Mwanza ilipata bustani yake ya wanyama mwaka 1964, katika kisiwa cha miamba kilicho karibu sana na katikati ya mji, ambacho kiliitwa Saanane kwa jina la mvuvi aliyekuwa akikimiliki, na ambacho mwaka 2013 kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa. Chatu, kenge na mamba wa kisiwa hicho hawahitaji taa ya kupasha joto, maana majabali yake yanafanya bure kazi ambayo Procter aliifanya kwa nyaya.

Kwa mtu binafsi, jambo la kwanza ni sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumiliki mnyamapori bila kibali, chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na mwaka 2016 serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Mwenye kibali, au mtunzaji wa kituo cha elimu, ndiye anayehusika na yanayofuata.

Vitabu vya ng'ambo humwelekeza kutafuta mkeka wa umeme na taa za mchana na usiku, maelekezo ambayo yakifuatwa Mwanza kama yalivyo yanaweza kumuua nyoka mchana wa jua kali, hasa sanduku la kioo likiwa chini ya paa la bati lisilo na dari, ambako saa nane joto laweza kupita 40. Kanuni inayofaa ni ile ya Cowles: upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzijoto 31 hadi 33, upande wa pili 25 hadi 27, kila upande uwe na maficho, na kipimajoto kiwekwe pande zote mbili pale nyoka anapolala. Taa au mkeka hutumika usiku wa kipupwe na hufungwa kidhibiti joto, kifaa kinachokata umeme joto likifikia kiwango kilichopangwa, kwa sababu nyoka hukawia kuhisi kwamba tumbo lake linaungua. Bapa la itale chini ya taa hubaki na uvuguvugu umeme ukikatika, na chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa humfikisha asubuhi. Jiko la mkaa, ambalo wafugaji wa vifaranga hulitegemea, halifai katika chumba kilichofungwa kwa sababu ya hewa yake ya sumu.

Malazi nayo yana mtego wake wa kienyeji, kwa kuwa kilicho karibu ni kile kinachotandikwa kwenye mabanda ya kuku. Pumba za mpunga zina vumbi linaloingia puani na kukwama kinywani pamoja na chakula. Maranda mabichi ya misonobari, mti unaopandwa kwa wingi hata Rubya kisiwani Ukerewe, yana utomvu wenye harufu kali inayodhuru mapafu, japo yakikaushwa vizuri hupungua makali. Na matandiko yoyote yaliyowahi kukaa kwa kuku huweza kuleta vimelea na maradhi. Upepo wa ziwa huleta unyevu, na matandiko yaliyolowa kwa siku kadhaa humtoa nyoka malengelenge chini ya magamba ya tumbo, ambayo huoza yasipotibiwa. Watunzaji wengi hatimaye huishia kwenye karatasi za magazeti, zikiwemo bila shaka kurasa za namna hii, kwa kuwa hunyonya, hubadilishwa kila siku, na utitiri unaomnyonya nyoka damu huonekana juu yake kama nukta nyeusi zinazotembea.